Kijana anayecheka kazini alilie wapi?



Vijana wetu wanaokwenda ng'ambo hatuwaagi kwa namna moja. Anayekwenda kusoma tunamwombea afaulu; anayekwenda kutunza wazee tunamwombea subira. Lakini anayekwenda kufanya kazi katika bustani ya burudani tunamtania: huyu anakwenda kucheza, tena analipwa! Mimi nasema huyo ndiye wa kuombewa zaidi.

Chukua mfano wa Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Ilifunguliwa Oktoba 1, 1971. Moja ya bustani zake, iliyoanza mwaka 1998, ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe (wameidondosha e moja, tuwasamehe), kilichojengwa kwa kuitazama Lamu, kuta zake zikiwa na maandishi ya Kiswahili. Jirani ipo hoteli ambako vijana kutoka nchi za Afrika huajiriwa kwa muda ili wawaeleze wageni habari za kwao. Viza yao ni ya kubadilishana utamaduni, nayo haizidi miezi 15.

Siku za kwanza kijana hana habari na mabembea. Anapewa kitanda katika nyumba anayoishi na wenzake, kila mmoja na taifa lake, na kodi hukatwa kwenye mshahara wa wiki. Anahangaika na karatasi, na akaunti ya benki, na vipimo vya sare. Anajifunza basi linapita saa ngapi. Joto la Florida wakati wa kiangazi lina unyevu kama la Tanga, hilo angalau analijua. Ni chakula ndicho kinachomshinda.

Halafu anaingia darasani. Walt Disney alipofungua bustani yake ya kwanza huko California, Julai 1955, kulianzishwa pia mafunzo maalumu kwa wafanyakazi, na hadi leo mwajiriwa mpya huanza na somo ambalo kwa Kiswahili tungeliita Mapokeo. Neno hilo Wakatoliki tunalijua. Humo anaambiwa kwamba yeye si mfanyakazi, ni mhusika katika mchezo. Sare yake ni maleba. Mteja ni mgeni. Asimwelekeze mgeni kwa kidole kimoja, atumie viwili au kiganja kizima. Akiona karatasi chini aiokote, hata kama kazi yake si kufagia. Kifuani atavaa kibandiko chenye jina lake la kwanza na mahali alikotoka. Kisha anakabidhiwa kwa mzoefu, afuatane naye kazini mpaka aweze kuachwa peke yake. Mengi ya hayo ni mazuri, na natamani wahudumu wa baadhi ya ofisi zetu wangeyapata, za parokia zikiwemo.

Lakini somo kuu ni la jukwaa. Popote mgeni anapoweza kukuona, hapo ni jukwaani, na jukwaani hakuna kununa. Asipokuona ni nyuma ya pazia. Katika bustani iitwayo Magic Kingdom wamejenga njia pana chini ya mitaa na maduka, ili wafanyakazi wapite bila kuonekana. Husimuliwa kwamba Walt Disney aliwahi kuudhika alipomwona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe wa kale akikatiza mtaa uliojengwa kuonyesha dunia ya kesho. Kwa hiyo kijana aliyepata habari ya msiba nyumbani anajua la kufanya: anakwenda nyuma ya pazia, analia, ananawa, anarudi, anatabasamu.

Je, huo si unafiki? Swali ni la haki. Neno la Kigiriki ambalo Injili inalitumia kwa wanafiki lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani. Lakini angalia Bwana anamlaumu nani katika Mathayo 6:16: anayekunja uso ili asifiwe kwa kufunga. Anayefunga kweli anaambiwa ajipake mafuta na anawe uso, watu wasitambue. Basi uso mkunjufu juu ya njaa ya kweli Bwana hauiti unafiki. Mtoto wa miaka mitano, ambaye wazazi wake walidunduliza ili afike pale siku moja, hana kosa lolote kwamba bibi yako amefariki. Kumtabasamia ni sadaka.

Na yupo aliyefanya hivyo kabla ya Disney. Yosefu, mtoto aliyeuzwa ugenini akiwa na miaka kumi na saba, alipomwona Benyamini mdogo wake alishindwa kujizuia. Mwanzo 43 inasema aliingia chumbani akalia humo, akanawa uso, akatoka, akajikaza, akaagiza chakula kiletwe. Wageni wakala. Maandiko hayamlaumu. Ila zingatia, msomaji, kwamba Yosefu alikuwa na chumba.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi na sisi wa nyumbani. Mama mmoja aliniambia nje ya kanisa, “Padri, wangu hana shida kabisa, kila nikimpigia anacheka.” Nikamwuliza, mama, huwa mnaongea nini? Akanitajia: mabati, ada ya mdogo wake, mchango wa harusi ya binamu. Mama yule si mchoyo wa upendo. Ndivyo tulivyozoea wengi. Lakini kijana aliye mafunzoni, ambaye mshahara wake wa kwanza umekatwa kodi na nauli aliikopa, anasikia simu ya nyumbani na kuvaa tena tabasamu. Zamu imekwisha, maleba yamevuliwa, na bado yuko jukwaani. Wageni wa bustani huondoka usiku. Sisi hatuondoki.

Yosefu huyo huyo, akiwa mfungwa, aliwatazama wafungwa wenzake asubuhi akaona nyuso zao zina huzuni, akawauliza kwa nini (Mwanzo 40:7). Naye alikuwa na yake ya kutosha.

Mpigie mwanao leo. Saa mbili usiku ya kwetu, kule Florida ni saa sita au saa saba mchana, kutegemea majira. Muulize amekula nini, chumbani analala na watu wa wapi, viatu vya kazi vinamuumiza au la. Kama zamu yake inamruhusu Jumapili, mwambie kwamba Orlando ipo basilika ya Maria Malkia wa Ulimwengu, iliyojengwa hasa kwa ajili ya watalii. Aingie, hatakuwa mgeni peke yake. Mabati yatangoja. Na akinyamaza katikati ya maneno, usiharakishe kusema kitu, wala usikate simu kwa kuogopa salio kuisha.