Kwa nini ukurasa mmoja wa nyaraka huvaa sura tofauti katika kila simu

TANGAZO la hatimiliki ya shamba iliyopotea likichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye pingamizi huwa na siku 60 za kulifikisha kwa msajili wa ardhi. Tangazo la mirathi huwa na muda mfupi zaidi. Siku 30 zikipita bila mtu kujitokeza, mahakama huendelea na utaratibu wa kutoa idhini ya kusimamia mali ya marehemu. Kwa mkazi wa Kehancha, mji wa Kuria Magharibi ulio karibu na mpaka wa Tanzania, kufunga safari hadi Nairobi kutafuta nakala ya gazeti hilo si jambo jepesi. Kuwekwa kwa nyaraka hizi katika intaneti kwa hivyo ni nafuu kubwa kwake.

Hata hivyo, nafuu hiyo hutegemea jambo ambalo wengi hawalifikirii. Msomaji mmoja hufungua ukurasa kwa Chrome katika simu ya kisasa, mwingine kwa Opera Mini katika simu ya vitufe, na wa tatu kwa Firefox katika tarakilishi ya saibakafe. Programu hizi, ambazo kwa Kiswahili huitwa vivinjari, hupokea maandishi yale yale, kisha kila moja huyapanga kwa namna yake. Mmoja ataona jedwali lililonyooka. Mwenzake ataona nambari za mashamba zimepandiana na majina ya wenyewe.

Kinachoelekeza mpangilio huo ni laha ya mitindo. Hii ni faili inayokaa kando ya maandishi na kukiambia kivinjari kichwa kiwe na ukubwa gani, safu ziwe na upana gani na pambizo ziachwe wapi. Wazo hilo lilipendekezwa Oktoba 1994 na Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi. Akashirikiana na Mholanzi Bert Bos, na toleo la kwanza likaidhinishwa na shirika la W3C Desemba 1996. Faida yake kwa hifadhi ya nyaraka ni dhahiri: kurasa elfu kumi zinaweza kubadilishwa sura kwa kurekebisha faili moja tu.

Kanuni ilikuwa moja, lakini wafasiri wakawa wengi. Chukua mfano wa safu iliyopewa upana wa nukta 300, nafasi ya ndani ya nukta 20 kila upande na mstari wa mpaka wa nukta 5 kila upande. Kwa mujibu wa W3C, upana wa 300 ni wa maandishi peke yake, hivyo safu nzima huchukua nukta 350. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu vinginevyo: kwayo, 300 zilijumuisha kila kitu. Mjenzi wa tovuti aliyepanga safu tatu za aina hiyo katika ukurasa wa nukta 960 aliona zikitosha vizuri, maana jumla ilikuwa 900. Zilipofunguliwa kwa kivinjari kilichofuata kanuni, jumla ikawa 1,050, na safu ya tatu ikaporomoka chini ya nyingine.

Internet Explorer 6, iliyotolewa mwaka 2001, ilirekebisha hesabu hiyo, ila kwa sharti. Ukurasa ulipaswa kuanza na mstari unaotangaza aina ya waraka. Ukikosekana, kivinjari kilirudia mazoea yake ya zamani. Microsoft ilikomesha huduma kwa Internet Explorer 11 Juni 2022, lakini kurasa zilizojengwa kwa kuiridhisha programu hiyo hazikutoweka siku hiyo. Gazeti linaweza kubadilisha tovuti yake kila baada ya miaka michache na hakuna atakayelalamika. Hifadhi ya nyaraka hutarajiwa kuishi kuliko kivinjari chochote.

Simu za mkononi zilileta mtihani mwingine. Opera Mini, iliyoenea duniani kuanzia Januari 2006, hutuma ukurasa kwanza kwa seva ambayo huubana na kuurahisisha kabla ya kuufikisha kwa simu. Gharama ya data hupungua, jambo ambalo mwenye kununua salio kidogo kidogo hulithamini, lakini sehemu ya mitindo inaweza kubaki njiani. Mwaka 2012, W3C iliidhinisha kanuni zinazoiwezesha laha kuuliza upana wa kioo na kupanga safu ipasavyo: tatu kwa tarakilishi, moja kwa simu.

Athari kubwa zaidi, hata hivyo, si ya sura bali ya maana. Katika Katiba ya Kenya ya 2010, sharti kwamba serikali ikitwaa ardhi ilipe mara moja fidia kamili na ya haki limo katika Kifungu cha 40(3)(b)(i). Iwapo herufi na nambari za kirumi zimeandikwa ndani ya waraka wenyewe, zitabaki popote pale. Iwapo zimeachiwa laha ya mitindo, mtandao ukikatika kabla ya laha kufika, kivinjari huweka nambari zake cha kawaida, na (b)(i) huonekana kama 2 na 1. Anayekwenda kortini Kehancha na nukuu ya namna hiyo atasumbuka kueleza anataja sehemu gani.

Hali ni hiyo hiyo kwa sheria iliyofutwa. Mstari wa kukata maneno ukichorwa kwa laha pekee, anayenakili aya na kuituma kwa WhatsApp huenda akasambaza sheria iliyokufa kana kwamba iko hai. Wajenzi makini huandika neno “imefutwa” katika maandishi, kisha laha huongeza urembo tu.

Kuna nyaraka ambazo laha haiwezi kuzisaidia. Gazeti Rasmi lilianza kuchapishwa mwaka 1899, na matoleo mengi ya zamani yanapatikana katika maktaba ya vitabu ya Google yakiwa picha za kurasa. Picha haijipangi upya. Kurasa zenye safu mbili humlazimu mwenye simu ndogo kuvuta kulia na kushoto katika kila mstari, na dawa yake ni kuyageuza yawe maandishi halisi, kazi inayohitaji watu wa kusahihisha.

Panapo maandishi, laha ina huduma moja ambayo wajenzi wengi huisahau ingawa imekuwepo tangu toleo la pili la mwaka 1998: mitindo maalumu ya kuchapisha. Katika saibakafe kila karatasi hulipiwa. Bila mitindo hiyo, menyu na picha zinaweza kula ukurasa wa kwanza mzima. Ikiwepo, hutoka karatasi moja yenye nambari ya tangazo, tarehe, na anwani ya tovuti pale chini, ambayo msajili au karani anaweza kuitumia kuthibitisha chanzo.