Seva yako ndani ya kituo cha data: Unalipia nini, na nini kinabaki juu yako?

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, sehemu yake ilikaa gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka.

Sasa fikiria seva ya sacco au ya duka la jumla, iliyofungiwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi. Ikizima, wateja hawaoni salio, risiti hazitoki na simu za malalamiko haziishi.

Ndiyo maana biashara nyingi sasa zinahamisha seva zao hadi kwenye vituo vya data vya pamoja, kama vile vya iColo au Africa Data Centres. Huduma hii huitwa kolokesheni.

Inafanyaje kazi?

Ni kama kupanga chumba. Mwenye jengo anakupa nafasi, stima, ulinzi na ubaridi. Vyombo vya ndani ni vyako.

Hapo ndipo inapotofautiana na klaudi. Kwenye klaudi unakodi mashine ya mtu mwingine. Kwenye kolokesheni, seva umeinunua mwenyewe, na ikiharibika ni wewe unayenunua kipuri.

Unalipia nini?

Kwanza, nafasi. Seva hupangwa kwenye kabati la chuma, na urefu wake hupimwa kwa U. U moja ni sentimita 4.45, na kabati la kawaida lina U 42. Ukiwa na seva moja au mbili, unakodi U chache tu.

Pili, stima. Seva inayokula wati 300 saa zote hutumia yuniti 216 kwa siku 30. Stima hiyo karibu yote hugeuka joto, kwa hiyo gharama ya kupoza chumba nayo imo kwenye bili. Stima ya KPLC ikikatika, betri hushikilia mzigo hadi jenereta ziwake.

Tatu, intaneti. Kituo kizuri huwa na kampuni kadhaa za faiba ndani ya jengo moja. Hii si anasa. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na nchi nyingine. Ukiwa na njia moja tu, ikikatika umekwama.

Usichouziwa

Hapa ndipo wengi huumia. Kukodi nafasi si kuhifadhiwa data. Kituo kinalinda jengo. Kazi ya kuweka nakala za data yako ni yako.

Machi 10, 2021, moto uliteketeza kituo cha SBG2 cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja wengi pale walikuwa wamekodi seva zenyewe, si nafasi tu, lakini funzo ni lile lile: waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi hewani, na baadhi ya wasiokuwa nazo walipoteza data moja kwa moja. Watengenezaji wa mchezo wa Rust ni miongoni mwa waliopoteza.

Sheria nayo haihami na seva. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, biashara iliyokusanya taarifa za wateja bado ina wajibu wa kuzilinda, hata kama mashine iko kwenye jengo la mtu mwingine.

Uliza haya kabla ya kutia sahihi

• Mkataba unaahidi seva kuwa hewani kwa kiasi gani? Asilimia 99.9 inasikika tamu, lakini inaruhusu karibu saa 8 na dakika 45 za kuzima kwa mwaka.

• Ahadi ikivunjwa, unafidiwa nini? Mara nyingi ni punguzo la kodi tu, si mauzo uliyopoteza.

• Jenereta zilijaribiwa lini zikiwa zimebeba mzigo, na dizeli iliyopo inatosha saa ngapi?

• Fundi wako anaweza kuingia saa nane usiku? Ukimtumia fundi wa kituo, analipwaje?

• Nani analipia bima ya seva yako?

• Ukitaka kuhama, notisi ni ya muda gani?

Je, inakufaa?

Kama una tovuti na barua pepe tu, klaudi ya bei nafuu inatosha. Kolokesheni inafaa zaidi mwenye seva zake tayari, zinazofanya kazi mchana na usiku, na ambaye kuzimika kwa saa chache kunamtia hasara.

Ukiamua kuhama, weka nakala ya data katika jengo jingine kabla hujang'oa seva ofisini. Kisha jaribu kuirejesha data hiyo uone kama kweli inafunguka.