Ndege Iliyopimwa kwa Mfuko wa Mrukaji

Wabunifu wa ndege wa Uingereza wa miaka ya kati ya vita kuu mbili wakitajwa, jina la kwanza huwa la R. J. Mitchell, na lina haki yake. Ndege yake ya kutua majini, S.6B, ilivuka kasi ya kilomita 650 kwa saa mwaka 1931, na ujuzi uliopatikana humo ulisaidia kuzaa ndege ya kivita ya Spitfire. Lakini kasi hupima jambo moja tu, nalo ni umbali ambao marubani wachache mno wanaweza kufika mbele ya wenzao. Kuna kipimo kingine, ambacho kwa maoni yangu kina uzito zaidi tukitaka kujua nani aliugeuza usafiri wa anga kuwa sehemu ya maisha ya watu: ni wangapi waliweza kuruka ambao jana yake wasingeweza? Kwa kipimo hicho, anayestahili kutangulizwa ni Geoffrey de Havilland, na kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ni ndege ndogo ya mbao na kitambaa aliyoiita Moth, yaani nondo, kwa kuwa tangu utotoni alipenda kuwakusanya na kuwachunguza wadudu hao. Moth haikuwa na kifaa kimoja ambacho dunia haikuwa imekiona. Upya wake ulikuwa katika hesabu: de Havilland alianza na mtu atakayeirusha, mfuko wake na mahali atakapoilaza usiku, kisha ndipo akachora mabawa.

Hesabu hiyo hakuipata siku moja. De Havilland alizaliwa mwaka 1882, akajenga ndege yake ya kwanza kwa fedha za babu yake, ikaanguka. Ya pili ikaruka mwaka 1910. Wakati wa Vita vya Kwanza alibuni ndege za kivita zilizotengenezwa kwa maelfu, na mwaka 1920 akafungua kampuni yake mwenyewe katika uwanja wa Stag Lane, kaskazini mwa London. Vita vilikuwa vimekwisha, jeshi halikuhitaji tena ndege nyingi, na wateja ilibidi watafutwe miongoni mwa raia. Mwaka 1923 yalifanyika mashindano ya ndege nyepesi huko Lympne, ambako ukubwa wa injini ulibanwa usizidi sentimita za ujazo 750, sawa na ya pikipiki. De Havilland alipeleka ndege ya mtu mmoja, DH.53. Ilikuwa nzuri kuitazama, lakini nguvu zake zilikuwa duni kiasi kwamba rubani Alan Cobham, alipokuwa akirudi nayo kutoka Brussels, alikutana na upepo wa mbele na kuachwa nyuma na treni ya mizigo. Mwaka uliofuata de Havilland akajaribu upande wa pili kwa DH.51, ndege ya watu watatu yenye injini ya nguvu farasi 90 iliyobaki vitani, ambayo ilipatikana kwa bei ya kutupa. Wakaguzi hawakuridhika na mfumo wake mmoja tu wa kuwasha moto, injini ikabadilishwa kwa kubwa na ghali zaidi, na unafuu wote ukapotea. Zilijengwa tatu tu. Ndege mbili hizo ndizo zilizomfundisha: ya kwanza ilimpa mteja bei bila safari, ya pili ikampa safari bila bei.

Pengo kati ya ndege hizo lilikuwa la injini. Injini ya nguvu farasi 60 hivi, nyepesi na ya kuaminika, haikuwapo sokoni, na kuibuni upya kungegharimu mali ambayo kampuni changa haikuwa nayo. Kwenye maghala ya Croydon, hata hivyo, zilirundikana injini za Renault za silinda 8 zilizobaki vitani. De Havilland alimwendea mhandisi Frank Halford na wazo ambalo fundi yeyote wa gereji atalielewa mara moja: ikate nusu. Silinda 8 za Renault zilipangwa safu mbili; Halford alichukua safu moja ya silinda 4, akaiundia kasha jipya la kushika krenkishafti, na injini ya Cirrus ikazaliwa. Ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuhitaji rejeta, maji wala mabomba ya kuvuja. Vipuri vyake vikuu vilikwisha kutengenezwa na kulipiwa na vita.

Ndege iliyovishwa injini hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1925, de Havilland mwenyewe akiwa rubani. Kiwiliwili chake kilikuwa sanduku la mbao na plaiwudi, mabawa yake mbao na kitambaa kilichokazwa kwa dawa. Tupu ilikuwa na uzito wa kilo 350 hivi. Mabawa, yenye upana wa meta 9, yalikunjwa kuelekea mkiani hadi ndege ikabaki na upana wa karibu meta 3, ikaingia katika banda la gari. Ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi waliruka pamoja. Kila uamuzi kati ya haya ulipunguza gharama moja mahususi: seremala angeweza kutengeneza palipovunjika, mwenye ndege hakupangisha banda kubwa uwanjani, na chuo hakikununua ndege tofauti ya mafunzo.

Msomaji makini atauliza kama mafanikio hayo hayakutokana na ruzuku. Ni kweli kwamba mwaka huohuo wa 1925 serikali, kwa msukumo wa Sefton Brancker, mkurugenzi wa usafiri wa anga wa kiraia, ilianza kusaidia klabu tano za urubani, na klabu hizo zikapewa Moth. Lakini ruzuku inaweza kununua ndege za kwanza. Haiwezi kuzifanya zidumu. Injini za Renault zilipoanza kwisha ghalani, Halford alibuni nyingine, Gipsy, na kampuni ikafanya jaribio la wazi: injini moja ilifungwa kwa lakiri, ikarushwa saa 600 katika miezi 9 kwa matunzo ya kawaida tu. Ilipofunguliwa, vipuri vilivyohitaji kubadilishwa vilikuwa vya thamani ya pauni 7 na shilingi kidogo. Hilo halikuletwa na ruzuku.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: Moth haikuwa ya kila mtu. Bei yake ilifikia pauni 650 hivi mwishoni mwa muongo huo, fedha ambazo kibarua asingeziona kwa miaka kadhaa ya jasho. Sikatai. Lakini ndege ya klabu hugawanywa kwa saa, na saa moja ina bei ambayo mwenye mshahara wa ofisini anaweza kuikusanya. Amy Johnson alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mawakili mjini London. Alijifunza kuruka katika klabu ya Stag Lane, akapata hata leseni ya ufundi wa ndege, na mwezi Mei 1930, akiwa na umri wa miaka 26, akaruka peke yake kutoka Croydon hadi Darwin, Australia, zaidi ya kilomita 17,000, kwa siku 19. Ndege yake ilikuwa Gipsy Moth, yaani Moth yenye injini ya Gipsy, iliyokwisha tumika. Tajiri angeweza kuvuka bahari kwa ndege ya aina nyingine. Kwa mpiga taipu, njia ya kufikia Darwin ilipitia katika ndege ya namna hii.

Pingamizi la tatu hutolewa na wapenda teknolojia: Wajerumani, wakiongozwa na mtengenezaji Junkers, walikuwa wakijenga ndege za chuma zenye bawa moja, ilhali de Havilland aling'ang'ania mbao na mabawa mawili. Je, hakuwa nyuma ya wakati? Jibu lilitolewa mwaka 1934 na DH.88 Comet, ndege ya mbao yenye bawa moja laini, magurudumu ya kukunjwa na injini mbili za ukoo wa Gipsy. Ilishinda mashindano ya kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne kwa takriban saa 71. Basi uzamani wa Moth haukutokana na kutojua. Kampuni yake ileile, ilipotakiwa kutoa kasi, iliitoa. Ilipotakiwa kutoa ndege ya watu, iliikataa kasi kwa makusudi, kwa sababu kila kilomita ya ziada ingelipwa na mwanafunzi.

Hata historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa hesabu hiyo. Moja kati ya zile DH.51 tatu ilipakiwa melini mwaka 1925 hadi Mombasa, ikawa ndege ya kwanza kuandikishwa nchini Kenya, na kupewa jina la Miss Kenya. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways jijini Nairobi akianza na Gipsy Moth moja. Rubani wake mkuu, Tom Campbell Black, ndiye aliyeshinda mashindano ya Melbourne pamoja na C. W. A. Scott. Haifai kupamba historia hiyo: abiria wake walikuwa hasa walowezi, maofisa wa kikoloni na matajiri waliokuja kuwinda, na unafuu wa bei haukuwafikia wenyeji wa nchi. Mbunifu anaweza kushusha gharama. Ubaguzi wa sheria hauondolewi na injini. Hata hivyo, kampuni kuanza na ndege moja ndogo, bila hazina ya serikali kubwa, ni jambo ambalo kabla ya 1925 lisingekuwa na hesabu ya kulitetea.

Miss Kenya yenyewe ilirudishwa Uingereza mwaka 1965, na sasa imo katika mkusanyiko wa ndege wa Shuttleworth huko Old Warden, ikiwa ndiyo kongwe kuliko ndege zote za kampuni ya de Havilland zinazoruka bado. Ni ya kundi lililoshindwa, na kwa sababu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Ndani yake mna karibu kila kilichomo katika Moth: mbao, kitambaa, mabawa mawili, injini ya vita. Kilichokosekana ni injini ya kipimo, na de Havilland aliujua ukubwa wake kwa sababu alikwisha kujenga ndege iliyopungukiwa na nyingine iliyozidi.