Sura ya Sita: Nani Apongezwe, na kwa Lipi?

Biashara ya mauzo ya mashinani, yaani ile inayotegemea watu wanaotembea kwa miguu au kupanda bodaboda kutoka boma hadi boma badala ya kumngoja mteja dukani, hutofautiana na kazi nyingi za mshahara kwa kuwa anayeifanya hushinda peke yake, na sehemu kubwa ya siku yake huishia kwenye kukataliwa. Katika Kabazi, mojawapo ya wadi tatu za eneobunge la Subukia katika Kaunti ya Nakuru, wakala wa taa za sola, wa bima au wa mbegu huweza kuzungumza na wakulima wengi kabla ya mmoja kukubali kununua, na hakuna msimamizi aliye karibu kusikia jinsi alivyozungumza na wale waliokataa. Msimamizi aliye mjini Nakuru huona tarakimu kwenye simu tu. Ndiyo maana utambuzi, ambao katika sura hii ni kitendo cha kiongozi au cha wenzake kumweleza mtu waziwazi kwamba kazi fulani aliyoifanya imeonekana na inathaminiwa, una uzito wa pekee katika biashara hii. Unapofanywa mbele ya hadhira huitwa hapa sherehe, hata kama hadhira yenyewe ni watu wanane chini ya mti na soda. Utambuzi humjulisha muuzaji kwamba hakusahaulika, na papo hapo humjulisha kila anayesikiliza ni mauzo ya aina gani ambayo kampuni inayataka. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo itakayochukua nafasi kubwa ya sura hii.

Desturi ya kuwatuza wauzaji kwa utaratibu maalumu ina historia inayojulikana vizuri. John H. Patterson, aliyenunua kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha za dukani mjini Dayton, Marekani, mwaka wa 1884, ni miongoni mwa watu wa kwanza kumgawia kila muuzaji eneo lake na kiwango chake cha mauzo, kile ambacho mawakala wa Kenya hukiita tageti, kisha akaanzisha klabu ya wale tu waliotimiza kiwango hicho. Thomas J. Watson, aliyejifunza kazi chini ya Patterson, aliichukua desturi hiyo hadi kampuni iliyokuja kuitwa IBM. Mwaka wa 1927 wauzaji 32 wa bima ya maisha walikutana Memphis na kuanzisha MDRT, jumuiya ambayo mtu huingia kwa kufikisha kiwango cha mauzo kinachowekwa kila mwaka, na ambayo mpaka leo ni ndoto ya mawakala wengi wa bima Nairobi na Nakuru. Mary Kay Ash, aliyeanzisha kampuni yake ya vipodozi huko Dallas mwaka wa 1963, alianza mwaka wa 1969 kuwapa wauzaji wake bora magari ya Cadillac ya rangi ya waridi, zawadi ambayo jirani hangeweza kukosa kuiona ikipita. Nchini Kenya, AKI, chama cha kampuni za bima, huwa na tuzo zake za mawakala wa bima ya maisha. Katika mifano hii yote kipimo kikuu ni kimoja, nacho ni wingi wa mauzo.

Je, heshima peke yake, bila fedha, huongeza mauzo? Jibu lililo karibu zaidi na mazingira ya Afrika Mashariki lilitoka Lusaka, Zambia, katika utafiti wa Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack uliochapishwa mwaka wa 2014. Wasusi na vinyozi walipewa kondomu za kike wawauzie wateja wao, nao wakagawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipata kamisheni, yaani sehemu ya bei ya kila pakiti waliyouza, ikiwa ndogo kwa kundi moja na kubwa kwa jingine, wengine hawakupata malipo yoyote, na wengine walipewa chati kubwa ya kutundika ukutani ambayo nyota iliongezwa juu yake kwa kadiri ya mauzo, ili kila mteja aliyeketi kusukwa aione. Kundi la nyota liliuza takriban mara mbili ya makundi mengine, likiwemo lile la kamisheni kubwa. Matokeo hayo yasihamishwe kijuujuu hadi kwenye kila bidhaa, kwa sababu kondomu ni bidhaa ya kulinda afya, bei yake ilikuwa ndogo, na hata kamisheni iliyoitwa kubwa haikuwa fedha nyingi. Hata hivyo, yanathibitisha kwamba muuzaji anayeonekana na watu anaowaheshimu hufanya bidii ambayo shilingi chache haziwezi kuinunua.

Utafiti mwingine wa Zambia wa mwaka huohuo, uliofanywa na Ashraf na Bandiera pamoja na Scott Lee miongoni mwa wanafunzi wa kazi ya uhudumu wa afya, uliitenganisha tuzo katika sehemu zake na kupima kila moja. Kutambuliwa na mwajiri kuliinua matokeo, na kuonekana na jamii vilevile. Lakini kuwaonyesha wanafunzi nafasi zao wakilinganishwa na wenzao kuliyashusha, hasa kwa waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Msimamizi anayetuma kila Ijumaa, kwenye kikundi cha WhatsApp, orodha ya mawakala kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, akiamini kwamba anawatia moyo, angefaa kuuzingatia utafiti huo. Walio juu hufurahi kwa siku mbili, na walio chini hujifunza kuzima sauti ya kikundi.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa, na desturi inayoandamana na methali hiyo ina mafunzo zaidi ya miongozo mingi ya uongozi. Katika taarab, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka papo hapo, huku wimbo ukiendelea, akamtuza mwimbaji mbele ya ukumbi mzima: tuzo hufuata tendo bila kuchelewa, kila mtu hujua ni ubeti upi uliotuzwa, na anayetuza ni msikilizaji mwenyewe. Katika Bonde la Ufa, mwanariadha anayerejea na medali hupokewa kwa mursik, maziwa ya mgando yaliyohifadhiwa kwenye kibuyu, na anayemnywesha ni mama au mzee wa kwao. Wakala wa Kabazi anayepewa cheti katika hoteli ya Nairobi, mwezi Desemba, kwa mauzo ya Februari, na mkurugenzi ambaye hajui hata kulitamka jina lake, hukosa sifa zote hizo kwa mpigo. Cheti kilekile, kikikabidhiwa siku ya soko mbele ya wakulima waliouziwa, na kwa maneno yanayotaja jambo alilolifanya, hugharimu kidogo na hudumu zaidi. Humwongezea pia wateja, kwa kuwa mkulima anayesita kumwamini mgeni mwenye fulana ya kampuni huamini haraka anapomwona mtoto wa kijiji akiheshimiwa hadharani.

Swali gumu zaidi ni la kile hasa kinachopaswa kupongezwa, na hakuna mahali linapouma kama katika mauzo ya lipa mdogo mdogo. Huu ni utaratibu ambao mteja hutoa kianzio, huchukua taa ya sola, simu au pikipiki, kisha hulipa salio kwa awamu ndogo kupitia simu. Ulishika kasi nchini Kenya baada ya M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, kuzinduliwa mwaka wa 2007, na hasa tangu kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza vifaa vya sola kwa njia hiyo mwaka wa 2012, kwa kutumia vifaa vinavyoweza kufungwa kutoka mbali malipo yanapokoma. Katika utaratibu wa namna hii, siku ya kuuza ni mwanzo tu wa mauzo. Wakala anayemshawishi mjane asiye na kipato cha uhakika kuchukua runinga ya sola huhesabiwa kuwa ameuza runinga. Baada ya miezi mitatu mjane hushindwa, runinga huzimwa, kianzio chake hupotea, na kampuni hubaki na deni lisilolipwa. Wakala mwingine, aliyemshauri mjane kama huyo aanze na taa moja ambayo bei yake inalingana na fedha kidogo anazopata kwa kuuza maziwa, huwa nyuma katika orodha ya mwezi, ilhali taa yake imelipwa hadi shilingi ya mwisho. Kampuni inayompigia wa kwanza makofi ya kilo na kumnyamazia wa pili imekwisha kuwafundisha mawakala wake wote jinsi ya kuuza.

Hatari hiyo ilionekana kwa kiwango cha kutisha katika benki ya Wells Fargo ya Marekani, ambako wafanyakazi waliosukumwa na tageti walifungua akaunti nyingi bila idhini ya wateja. Mwaka wa 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ilibainika kwamba wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefutwa kazi kwa sababu ya vitendo hivyo. Wengi wao walikuwa watu wa ngazi za chini, waliofanya kile ambacho mfumo uliwashurutisha kukifanya.

Hata kipimo kizuri huhitaji kusomwa pamoja na kalenda na ramani. Katika eneo la Subukia fedha za mkulima huenda na misimu: Januari humezwa na karo, Machi na Aprili hununua mbegu na mbolea ya mahindi mvua ndefu zinapoanza, na mfuko hupata nafuu karibu na mwisho wa mwaka baada ya mavuno, ingawa anayekama ng'ombe hupata chake kila mwezi. Wakala aliyeuza vifaa vinne mwezi Aprili huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyeuza kumi mwezi Desemba, na aliyepangiwa vijiji vya mlimani, ambako bodaboda hukataa kupanda mvua inaponyesha, hawezi kupimwa kwa rula ya yule anayeuzia kando ya lami iendayo Nyahururu. Kumlinganisha muuzaji na rekodi yake mwenyewe ya msimu kama huo mwaka uliotangulia ni haki zaidi, na hesabu yake si ngumu.

Wapo pia wanaosahauliwa kwa sababu hawaleti taabu yoyote, na tuzo isiyowafikiria huweza kuwavunja moyo. Timothy Gubler, Ian Larkin na Lamar Pierce walichunguza kiwanda cha kufulia nguo nchini Marekani kilichoanzisha tuzo ya mahudhurio; katika matokeo yao ya mwaka wa 2016, wafanyakazi waliokuwa wakifika kwa wakati tangu zamani bila kuahidiwa chochote walipunguza uzalishaji wao, huku wengine wakibuni mbinu za kukidhi masharti ya tuzo. Kilichokuwa fahari ya wale waliofika kwa wakati kiligeuzwa kuwa kitu cha kushindaniwa na kila mtu.

Panafaa kusemwa hapa jambo ambalo vitabu vya uongozi hupenda kulikwepa, kwamba sherehe nyingi hufanywa na kampuni zinazochelewesha kamisheni. Wakala asiyejua atalipwa lini husikia pongezi kama dhihaka, na ana haki. Zawadi yenyewe ina sheria zake: tangu mwishoni mwa Desemba 2024, manufaa yasiyo ya fedha taslimu anayopewa mwajiriwa nchini Kenya hayatozwi kodi yasipozidi shilingi 60,000 kwa mwaka, lakini bonasi ya fedha hutozwa kama mshahara, na ni ungwana mpokeaji aelezwe hivyo mapema. Picha yake nayo haipaswi kuwekwa kwenye bango la kuvutia wateja bila ridhaa yake, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Linabaki suala la tuzo iliyotolewa kwa mauzo ambayo baadaye yaliharibika. Baadhi ya viongozi huona kwamba inyang'anywe, ili wengine waone. Lakini mtu aliyevuliwa heshima mbele ya kijiji chake hawezi tena kuuza kijijini humo, na mara nyingi alifuata vigezo kama vilivyoandikwa. Kwa mauzo ya awamu, njia yenye busara zaidi ni kumshukuru muuzaji kwa maneno siku anayouza, na kuiahirisha tuzo kubwa hadi wateja wake walipe kwa miezi sita hivi. Ikiwa kigezo kilikuwa kibaya na tuzo imekwisha kutolewa, muuzaji aachiwe tuzo yake, kisha kigezo kirekebishwe kabla ya robo ya mwaka inayofuata na mawakala wote waelezwe kilichobadilika.