Kuombea Mlango wa Neno

Mtu akiomba mvua ajua atazame wapi, huyatazama mawingu. Akimwombea mgonjwa wake, humtazama mgonjwa. Lakini Mkristo amwombapo Mungu ampe nafasi ya kumweleza mwenziwe habari za Yesu, atazame wapi? Wengi wetu huomba hivyo juma zima, na tusipoona kitu twaacha, tukidhani kwamba hatukusikiwa. Leo twataka kuizungumza sala hiyo, na kwa nini haina budi kuwa ya kudumu.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, alikuwa kifungoni. Aliwasihi wamwombee afunguliwe mlango. Sisi tungalidhani kuwa ni mlango wa gereza. Sivyo, alitaka mlango wa Neno, apate kusema na watu hata akiwa na minyororo yake. Na papo hapo aliwaagiza wadumu katika kuomba na kukesha. Neno hilo la kukesha sisi wakulima twalijua sana. Alindaye shamba la mahindi usiku hajui nguruwe wataingilia upande gani. Kwa hiyo hutega sikio pande zote. Aombaye nafasi yampasa kuwa vivyo hivyo, maana mara nyingi mlango hufunguka upande asioutazamia.

Habari za Rabai, karibu na Mombasa, zatuonyesha jambo hili. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, alikuja kukaa Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf hakuondoka. Mwaka 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, na wazee wa Rabai wakawakubali kukaa kwao. Krapf alitamani sana kuiona misioni ikienea kituo kwa kituo mpaka upande wa pili wa Afrika. Mlango alioutazamia ulikuwa bara, tena kwa njia ya Ukambani, kwa mzee mashuhuri Kivoi. Mwaka 1851 walikuwa safarini pamoja kuelekea mto Tana, wakashambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu, akarudi pwani kwa njaa na kiu.

Basi mlango ule ulifungwa. Lakini mwaka huo huo, pale pale Rabai, akabatizwa mtu wa kwanza, naye alikuwa karibu kufa. Jina lake Mringe, kilema. Huyu hakuwa mzee wa kaya wala kiongozi wa misafara. Alikuwa mtu aliyependa kuja kuketi na kuuliza maswali. Lau Krapf angalikuwa akiitazama njia ya bara tu, asingalipata saa ya kuzungumza naye.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya ugonjwa. Rebmann akabaki. Alikaa miaka 29, akifundisha watu wachache na kukusanya maneno ya lugha zetu, hata macho yake yakapofuka. Kwa hesabu ya kibinadamu kazi yake ilikuwa bure. Walakini mwaka 1864 walimjia vijana kutoka Bara Hindi, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Walikuwa Waafrika waliotekwa utumwani wangali watoto, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa huko. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na muda si mrefu kikaanzwa kijiji cha Freretown, Kisauni, kwa ajili ya waliokombolewa. Hatusemi kwamba Mungu aliutaka utumwa ili Kanisa lipate watu, hasha! Twasema tu ya kuwa hao waliodhulumiwa ndio walioipeleka kazi mbele, na hapana aliyekuwa amewatazamia.

Kwa hiyo, tukiomba nafasi, tuombe kwa majina. Si kusema, "Bwana, tufungulie nchi yote," bali kumtaja jirani fulani, au fundi yule tumpelekeaye baiskeli. Amtajaye mtu kila alfajiri hawezi kumpita njiani bila kumjulia hali, na mazungumzo huanzia hapo. Lakini tusimvizie mtu kama mwindaji aviziavyo paa. Jirani zetu wengi ni Waislamu wenye dini yao na heshima yao. Akituuliza, tumjibu kwa upole. Asipouliza, tumsaidie kuezeka nyumba yake, na sala iendelee. Na tusimwekee Mungu siku. Huenda yule tunayemwombea akaja kuulizia habari hizi kwa mtoto wetu, sisi tukiwa tumekwisha kuzikwa.

Rebmann aliondoka Rabai mwaka 1875, kipofu, akafa mwaka uliofuata. Krapf alikufa huko Korntal, Ujerumani, mwezi wa Novemba mwaka 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mwaka 1885 Jones na Semler waliwekewa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi.