Baada ya Kisu: Amri ya Reanimasio ni ya Nani? (Sehemu ya 2)

Mtu aliyepasuliwa tumbo mjini Bukavu, awe wa Kadutu au amebebwa kutoka Walungu, akiingizwa reanimasio, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, huwa na wakubwa wawili: daktari aliyempasua na daktari wa usingizi. Wasipopatana kuhusu dawa au maji ya mshipani, nani asikilizwe?

Mpasuaji ana hoja nzito. Ndiye aliyeuona utumbo kwa macho yake, na anajua mshono uliomtia wasiwasi. Katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999 na kusifika kwa tiba ya fistula (tundu linalovujisha mkojo), jambo hilo linafahamika vyema: mpira wa mkojo ukiziba usiku, kibofu hujaa na mshono unaweza kufumuka.

Lakini mpasuaji hawezi kuwa mahali pawili. Tarehe 27 Februari 2025 milipuko ilitokea kwenye mkutano wa hadhara mjini Bukavu, watu wasiopungua 11 wakafa na makumi wakajeruhiwa. Siku kama hiyo anayeshika kisu hatoki chumba cha upasuaji, na aliyepasuliwa jana bado anahitaji mtu wa kumtazama kila saa.

Kazi hiyo ya kukesha ndiyo iliyozaa reanimasio yenyewe. Polio ilipovamia Copenhagen mwaka 1952, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipanga wanafunzi wa udaktari kwa zamu, wakiwapulizia wagonjwa hewa kwa mkono usiku na mchana.

Afrika inalihitaji somo hilo zaidi. Utafiti uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za bara hili, ulikuta vifo vinavyofuata upasuaji ni mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya 9 kati ya kila 10 vilitokea baada ya siku yenyewe ya upasuaji: kisu kimeshawekwa chini, mgonjwa yuko kitandani.

Basi amri ya kila saa iwe ya daktari wa usingizi. Mpasuaji asinawe mikono: afike asubuhi na jioni, na uamuzi wa kufungua tumbo tena ubaki wake. Na pale ambapo bingwa wa usingizi hayupo, kama ilivyo katika hospitali nyingi za Kivu, mwuguzi wa zamu apewe viwango vilivyoandikwa. Mgonjwa wa kilo 60 akitoa mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, saa mbili mfululizo, mwuguzi apige simu hata saa nane za usiku, na asikaripiwe na mtu.

Sehemu ya 3 itahusu oksijeni.