Juu ya filme «Les Communiants»: mchungaji na Mungu anayenyamaza

Tangu filme hii ionyeshwe kwetu, wengi wanatuuliza maswali mawili. Juu ya nini shule ya Kiprotestanti inaonyesha mchungaji ambaye imani yake imekwisha? Na juu ya nini filme inakwenda polepole namna ile? Sisi viongozi wa wanafunzi tumeona heri kujibu hapa.

Filme ilitoka mwaka 1963. Aliyeitengeneza ni Ingmar Bergman wa Uswidi, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Haina rangi, wala muziki, isipokuwa kinanda na nyimbo za kanisa. Inachukua dakika 81 tu, kwa hiyo si ndefu! Ni sisi ndio tumezoea bunduki na mbio za magari. Bergman na mpiga picha wake, Sven Nykvist, walikaa makanisani wakitazama namna mwanga wa baridi unavyogeuka kidogo kidogo. Ndio ule mwanga mulioona, usio na jua wala kivuli.

Tena wengi wetu tunawajua Waswidi kama wamisionari, wale waliokuja kuhubiri Bas-Congo na Kivu. Kumbe kwao kuna makanisa karibu tupu!

Mambo yote yanapita siku moja ya Mungu, tangu saa sita mpaka saa tisa. Aliyesoma Marko 15 anazijua saa hizo: ni zile za giza, Yesu akiwa msalabani, mpaka alipolia na kuuliza kwa nini ameachwa. Mchungaji Tomas anatoa Meza ya Bwana kwa watu wachache. Ana homa. Mke wake amekufa, na maombi yake hayapati jibu.

Sasa anakuja mvuvi Jonas pamoja na mke wake, mwenye mimba. Jonas amesoma kama Wachina watapata bomu ya atomu, na tangu hapo hataki kuishi tena. Musimcheke. China ilijaribu bomu yake ya kwanza mwaka 1964, mwaka mmoja nyuma ya filme.

Hapa ndipo kiini, kwa maoni yetu. Jonas anarudi peke yake, na Tomas anafanya nini? Anaanza kusema juu yake mwenyewe: mashaka yake, mke wake, Mungu wake aliyevunjika. Anasema, anasema, na yule mgonjwa wa roho amekaa anasikiliza! Jonas anatoka, anakwenda mtoni, anajipiga bunduki. Wengine darasani walisema kosa la Tomas ni kuwa na mashaka. Sisi hapana. Hata Yohana Mbatizaji alituma watu kuuliza kama Yesu ndiye. Kosa la Tomas ni kwamba mtu alimletea mzigo, naye akamuongezea wa kwake. Analia kama Mungu hamjibu, na yeye vilevile hajibu mtu. Mutazame mwalimu Märta, anayempenda: anamwandikia barua ndefu, na Tomas anamjibu kwa matusi makali mbele ya madawati ya watoto. Bergman anatuonyesha uso wa Märta akisema barua ile kwa dakika nyingi. Ni hapo wengi walisinzia, na ni hapo ilifaa kufungua macho.

Anayefahamu zaidi ni Algot, mtunza kanisa, mwenye mgongo uliopinda. Maumivu ya mwili anayajua. Anamwambia Tomas kama misumari haikuwa teso kubwa la Yesu. Kubwa ni wanafunzi wake waliolala na kukimbia, halafu Baba yake kunyamaza. Tomas anakubali kwa neno moja.

Kuhusu mwisho, Bergman alieleza kwamba aliupata kwa baba yake. Walikwenda pamoja katika kanisa moja la mashambani. Watu walikuwa wachache, na mchungaji wa pale, kwa kuwa mgonjwa, alitaka kufupisha ibada. Mzee akasimama, akavaa kanzu, akaiongoza yeye mwenyewe mpaka mwisho.

Katika filme ni saa tisa, kengele zinalia katika kanisa la pili. Vitini yuko Märta peke yake, naye hasadiki. Algot anauliza: tuanze ao hapana? Tomas anasimama na kuanza, kwa yale maneno ya Isaya mlango wa 6, juu ya utukufu unaojaa dunia yote. Uso wake haubadiliki. Kama ni imani ao desturi, filme haisemi, na darasa la sita lingali linabishana.